Kioo Kilikuwa Kizima, Baba

Shikamoo Baba,

Miaka yako ya mwisho nilikusomea kila kitu, hata karatasi za dawa. Barua hii nayo nitakusomea mwenyewe, ingawa tumeshakuzika na kiti chako ni kitupu. Nataka tuizungumze ile miezi mitano niliyohangaika kutibu kompyuta huku macho yako yakiisha mbele yangu.

Unakumbuka ilivyofika nyumbani Mjimwema. Shirika lilikuwa limeuzwa, makarani mmepunguzwa, na bosi mpya akasema kila mmoja abebe chakavu kimoja. Wenzako walichukua meza na makabati. Wewe ulirudi na kompyuta kwenye mkokoteni, umeifunika blanketi. Mama alikuuliza kama inaliwa. Baada ya muda ndiyo ikawa inatulisha: barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule, kadi za kipaimara.

Mama naye akaipenda. Kwetu redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, chupa ya chai ina chake, sasa kompyuta ikae uchi kwa nini? Akaifumia chenye maua, kikafunika kioo kuanzia juu mpaka mgongoni. Tangu siku ile kioo kikawa kinazimika kila baada ya saa moja. Mafundi redio wawili walishindwa. Mimi, niliyekuwa nimetoka kumaliza kozi ya miezi mitatu kwa masista, nikapapasa mgongoni mwake, nikakuta pa moto kama bati saa saba mchana. Nikavua kitambaa, matundu yakapata hewa, kioo hakikuzimika tena. Ulicheka mpaka ukashika mbavu, na tangu hapo ukaacha kuniita kwa jina, nikawa Fundi. Baba, sifa ile ilinipanda kichwani, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Maana miezi michache baadaye, ulipoona kioo kinaingia giza pembeni, hukwenda kwa daktari. Ulikuja kwangu. Nami nilifurahi kupata kazi.

Nilikitazama, nikakiona cheupe mpaka kwenye pembe. Nikasema huo ni ugonjwa wa kuja na kuondoka, kompyuta zikizeeka ndivyo zilivyo. Nikalaumu umeme, kwa sababu jenereta za mji wakati ule zilichoka kila jioni, na taa za mtaa mzima zikawa nyekundu. Ukasema hata asubuhi ni vilevile. Nikakaza nyaya, nikazungusha kitufe cha mwanga mpaka mwisho. Ukasema giza limesogea ndani kidogo. Nikaazima kioo cha ofisi ya shule, nikakileta kwa baiskeli nimekifunga kwa kanga mbili. Ulikaa mbele yake, ukageuza shingo huku na huku, ukasema kwa upole kwamba hiki nacho kina ugonjwa uleule.

Mtu mwingine angeshtuka. Mimi nikajiambia kwamba kama si kioo, basi ni kadi iliyo ndani ya boksi, ile inayopeleka picha kwenye kioo. Tukaiagiza Dar es Salaam kwa dereva wa basi, tukasubiri. Katika kusubiri huko ulimwaga chai mara mbili, ukajigonga kwenye mlango wa jikoni, ukampita mzee wa kanisa bila kumsalimia, akanuna. Mama alisema umeanza maringo uzeeni, nami nikacheka naye. Niliyaona yote hayo, na bado nilikuwa nawaza kadi.

Kadi ikaja. Nikaifunga, nikawasha, nikasimama nyuma yako. Ulisogeza uso karibu na kioo, kisha ukanigeukia.

"Hapo sasa," ukasema. "Kinaonekana vizuri, Fundi."

Nilitangaza mtaa mzima.

Wiki iliyofuata ulipiga chapa barua ya mteja kutoka Namtumbo, ukurasa mzima, na vidole vyako vilikuwa vimekaa kwenye vibonye visivyo vyake. Hapakuwa na neno hata moja lililosomeka. Yule mteja aliishika karatasi, akanitazama mimi, si wewe. Ndipo nikakupeleka hospitali. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kuondoka hakirudi. Akauliza mbona tumechelewa hivyo. Ulimjibu kabla sijafungua mdomo.

"Tulikuwa tunasubiri kifaa kutoka Dar."

Njiani nilikuuliza kwa nini ulinidanganya kuhusu ile kadi. Ukasema uliniona nimehangaika sana, hukutaka kunivunja moyo. Baba, nakupenda, lakini kwa hilo nimekukasirikia mpaka leo. Ningevunjika moyo siku moja, basi.

Daktari alisema na jambo jingine: ugonjwa huu hutembea katika ukoo, watoto wapimwe. Sikwenda. Miaka yote hii nafungua kompyuta za watu, namuuliza kila mteja tatizo limeanza lini, na swali hilohilo nimelikimbia mwenyewe. Mwezi huu nimemkanyaga kuku uani mara mbili. Kuku mweupe, mchana kweupe. Mwanangu Tadei alicheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu nakwenda hospitali. Naogopa sana. Wakinikalisha mbele ya ile chati ya herufi na kuniuliza naona nini, sitamfurahisha mtu. Nitasema ninachokiona.

Lala salama, Baba.

Ni mimi, binti yako.