Ubeti wa Pili Una Kiuno

Mpendwa Shangazi Getruda, shikamoo. Naomba unisaidie maana nimefika mahali sijui nilie au nicheke.

Mimi ni binti wa kwaya hapa Nambis, nimeokoka kweli kweli, ila bongo fleva naipenda na huwa naisikiliza kwa siri kwenye simu nikikamua ng'ombe, sasa mwaka jana nilikuwa napiga deki kanisani nikajisahau nikaimba wimbo mmoja wa mapenzi, pale kwenye kiitikio, "Walinicheka wote, wewe ukanishika mkono," na Mama Oliva, kiongozi wetu wa akina mama, akaingia amenyoosha mikono juu akisema, "Binti, pambio hilo umepewa na Bwana!" Nikaitikia "Amina" nikaendelea kupiga deki, na Jumapili wakaliimba, wakaongeza makofi na ngoma, sasa limefika mpaka Mogitu na Balangdalalu, watu wanalia, na aliyelia kuliko wote ni Emanuel, mwinjilisti wetu, halafu akatuma washenga nyumbani akisema katika pambio lile Mungu alimwonyesha mke.

Nampenda sana, Shangazi. Lakini ndiye huyo huyo anayehubiri kwamba nyimbo za dunia ni mlango wa shetani, na ameniambia tukioana nifute kwenye simu kila kisicho cha injili. Harusi ni mwezi ujao, wanataka niliimbe pambio mwenyewe, na Mama Oliva ananisihi nifunge na kuomba mpaka nipewe ubeti wa pili. Ubeti wa pili upo, Shangazi, ila una kiuno na gauni la kubana, na binamu zangu wanaokuja kutoka Arusha wanaujua wote kwa kichwa. Nifanye nini?

Judica, Nambis

Marahaba, Judica. Nimecheka mpaka chai ikanimwagikia, nisamehe.

Kuimba mapenzi ukipiga deki si dhambi ninayoijua mimi. Hata Mama Oliva simlaumu, maana maneno yale yanamfaa Mungu kuliko yanavyomfaa kijana yeyote ninayemfahamu. Lakini wewe, binti! Kanisa zima linakushukuru kwa ufunuo, wewe unaitikia "Amina" huku kiuno umekificha kwenye simu? Una ujasiri kuliko hayo mapepo anayoyakemea mchumba wako.

Sasa nisikilize. Usifunge, usiombe ubeti, na usifute chochote. Mwite Emanuel wiki hii, mchana, nyumbani kwenu, mama yako akiwa jikoni. Usianze kujieleza. Mwekee wimbo wote, kiuno na gauni vikiwemo, halafu kaa kimya. Atakasirika, na ana haki, ulimwacha alie mbele za watu bila kujua analilia nini. Muombe radhi kwa hilo tu, siyo kwa kupenda muziki. Kisha muulize kama Mungu aliyesema naye siku ile hakujua wimbo umetoka wapi. Mama Oliva mtamwambia pamoja baadaye, akiwa ameketi.

Emanuel akicheka, hata kidogo, olewa naye, na hizo nyimbo mtazungumza polepole. Akisema yote yalikuwa ya shetani na wewe ukiwemo, msindikize mpaka barabarani kwa heshima. Aende akatafute mke ambaye hajawahi kujisahau akaimba akiwa kazini, na akimpata aniletee nimwone, maana Mbulu na Hanang yote mimi sijakutana naye.