Wifi Iliyoishia Mlangoni pa Kina Mama

Bi Maimuna, shikamoo. Kuanzia Likoni mpaka Lunga Lunga hajazaliwa kijana anayeijua wifi kama mimi, na hilo silisemi kwa kujisifu, nalisema kwa kuwa ni kweli, maana shule niliiacha darasa la saba lakini nikipita barabarani simu za watu zinashika mtandao zenyewe, na warembo wa Mwabungo wakinisalimu huwa sijui wananitaka mimi au wanataka neno la siri. Hata hivyo naomba unisaidie kwenye safu yako ya gazeti, kwa sababu mwalimu wangu wa kazi anataka kukataa kazi kubwa ya hoteli kule Galu, jibu atalitoa Alhamisi, na anayeweza kumzuia ni mimi peke yangu.

Mwalimu wangu ni Dada Fauzia, mwenye duka la kompyuta Ukunda, mwanamke mfupi, mkali, miwani imeshukia puani, na wallahi sijaona fundi kama yeye. Wengine wakiitwa kufunga wifi hufika na drili mkononi, wakatoboa ukuta, wakatundika ruta juu ya televisheni, wakala pilau ya mwenye nyumba wakaenda zao, lakini yeye huja na maswali tu. Tulipoitwa kwenye kumbi za harusi za Mzee Nassir alimaliza asubuhi nzima akiuliza wageni hukaa wapi, mpishi akipokea oda husimama wapi, malipo ya simu hupokelewa meza gani, siku ya harusi watu hufika wangapi, mpaka mzee akanivuta kando akataka kujua kama huyu amekuja kufunga mtandao au kuposa. Kisha akashika simu yake inayopima nguvu ya wifi, akatembea chumba kwa chumba kichwa chini kama mtu aliyeangusha hereni, nami nyuma yake namtania, naye ananijibu bila kugeuka, "Salimu, ukuta wa matumbawe hauna habari na mdomo wako." Akachora ramani, kile kisahani cheupe cha kurusha wifi kikae dari hii, kebo ipite hapa, mtandao wa ofisi na malipo uwe mbali na wa wageni ili watoto wakiangalia katuni keshia asikwame, na mimi niliyedhani nimezaliwa fundi nikabaki nashika ngazi na kukodoa macho.

Siku ya mwisho ya kupima akaitwa Kikoneni, mitambo ya mteja mwingine ilikuwa imepigwa na radi, akaniachia ile simu akasema umebaki ukumbi wa kina mama, nipime kona zote, nami nikamwambia ahesabu kazi imekwisha. Jioni nikampa namba, akazitia kwenye ramani, tukafunga vifaa.

Harusi ya kwanza ilikuwa ya Mwanapili, ambaye mamake anafanya kazi Muscat na mwajiri wake alimnyima ruhusa ya kuja. Upande wa wanaume wifi ilipaa. Upande wa kina mama data ya kawaida ya simu haipenyi, ndiyo sababu tuliitwa, basi wakategesha simu mbele ya jukwaa, wakaiunga na wifi yetu ili mama amwone bintiye akiingia, picha ikaganda kwenye mlango mtupu, akasikia vigelegele, halafu sauti nayo ikakatika. Mpaka mtu anakimbia na simu nje, bibi harusi alikuwa amekwisha kufunuliwa uso.

Dada Fauzia akaenda kwa bibi yake Mwanapili na kwa Mzee Nassir akasema mbele ya watu, "Mpango ni wangu, kosa ni langu." Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Tangu siku hiyo anaikodolea ramani asione alipokosea, na anasema fundi asiyejua kosa lake hawezi kwenda kushika hoteli ya watu.

Bi Maimuna, alipokosea ni kuniamini. Siku ile nilikuta kina mama wanafanya mazoezi ya vugo, ile ngoma yao ya harusi, mabuibui wameyavua, na mimi huyu ninayejua kila kitu nikaona haya hata kupiga hodi. Nikapima pale barazani, namba zikatoka nzuri, nikampelekea hizo hizo. Ukumbi wenyewe sikuupima hata kona moja.

Salimu, Mwabungo

*

Salimu mwanangu, marahaba.

Kuona haya hukukosea. Kijana asiyekurupuka kwa wanawake waliovua mabuibui ana mama aliyemlea. Ulikosea ulipogeuza haya yako kuwa namba. Ungepiga hodi, ukasimama kando, ukampa mama mmoja simu azunguke nayo akikusomea kwa sauti. Wangekucheka, pengine wangekutungia na wimbo, na kazi ingekwisha.

Umenifanya nimpende huyo Fauzia nisiyemjua. Mtu anayemuuliza mpishi anasimama wapi angekudharau kwa kumwambia, "Nimeshindwa kuingia"? Na akaubeba mzigo wako mbele za watu ukimtazama. Ramani yake haina kasoro, imejengwa juu ya uongo wako, na fundi hodari yuko karibu kuacha kuiamini akili yake kwa sababu ya mdomo wako uliozoea kusema na siku moja ukanyamaza.

Nenda dukani. Mwambie, "Ukumbi sikuupima, namba zilikuwa za barazani." Usitie utani, usieleze, nyamaza. Akikufukuza, toka kwa adabu. Asipokufukuza, fuatana naye kwa Mzee Nassir na kwa bibi yake Mwanapili, useme wewe, asiseme yeye. Mama aliye Muscat muombe radhi kwa simu na usimletee habari za ukuta na mawimbi, saa ile haitarudi. Ukumbi upimwe upya siku umejaa watu, na mwenye kupima awe mwanamke.

Jibu hili nimekutumia kwa simu leo Jumatatu. Majina yenu nimeyabadilisha gazetini, lakini fundi wa kike wa Ukunda mwenye miwani puani na msaidizi asiyefunga mdomo sidhani kama wako wawili. Gazeti linafika Ukunda Jumatano asubuhi. Wewe fika kesho.