Kadi Isiyo na Jina

Kessler Falls, Wisconsin
Alhamisi, 20 Aprili

Mpendwa kaka yangu Gordon,

Pokea salamu zangu huko Tucson kwenye jua lako. Natumaini kifua kimetulia na unameza dawa zote, si zile tu zisizo chungu. Mimi sijambo, ila goti la kushoto bado linakataa kuamini kwamba majira ya baridi yamekwisha, na kusema kweli halijakosea. Jana theluji ilianguka tena juu ya vibao vya uchaguzi ambavyo watu wamezembea kuviondoa uani mwao. Cha binti yako Annika hapa kwangu bado kimesimama. Kila nikitoka kwenda kwenye sanduku la barua nakiona, na natamani kuking'oa.

Utashangaa kusikia hivyo. Najua Annika amekupigia simu akakueleza kwamba kiti cha bodi ya shule amekipata kwa kura arobaini na moja, kwamba ataapishwa Jumatatu jioni, na wewe umeshakata tiketi ya ndege ya Jumapili. Yote hayo ni kweli. Nakuandikia yale ambayo hakukuambia, kwa sababu hayajui. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujashika simu. Nakufahamu, wewe huwa unaanza kufoka kabla hujafungua ukurasa wa pili.

Mpinzani wake alikuwa Dana Wojcik, binti wa marehemu Stan aliyekuwa akitutengenezea trekta la baba kwa kelele nyingi. Ugomvi wote ulikuwa juu ya Shule ya Msingi ya Lindgren. Wilaya inataka kuifunga. Annika alisema paa linavuja, watoto wamebaki mia moja na arobaini, heri wahamishiwe shule kubwa ya upande wa pili wa mto. Dana alisema shule ikifungwa mtaa mzima utakufa. Mji ukagawanyika. Kwenye chakula cha samaki cha kila Ijumaa pale klabuni watu walianza kuchagua meza kwa kuangalia nani ana kibao cha nani, na Phyllis Brandt alitangaza mbele ya kila mtu kwamba mwenye kibao cha Wojcik asahau kabisa keki yake ya tufaha mpaka siku ya kufa. Mumewe alimjibu kwamba hiyo ndiyo sababu nzuri zaidi aliyoisikia mpaka sasa ya kumpigia Wojcik kura.

Mwezi Februari Dana alikuwa mbele. Hilo lilionekana wazi. Annika alikuja kwangu akaketi kwenye kiti chako karibu na jiko, akalia, akasema, "Shangazi, nimekwisha. Watu wananiona kama mtu anayechukia watoto." Unajua tangu mama yake Karen alipotutoka mtoto huyu amekuwa akilia jikoni kwangu, toka ana miaka saba. Unajua pia kwamba sijawahi kuvumilia kilio chake. Akivunjika kidole mimi ndiye ninayeumwa.

Katikati ya Machi, Jumamosi asubuhi, wagombea wakakutanishwa kwenye ukumbi wa sekondari. Watu mia tatu na zaidi walifika, wengine wamekaa na makoti yao kwenye ngazi za watazamaji wa mpira wa kikapu. Utaratibu ni uleule wa miaka yote. Mwenye swali analiandika kwenye kadi ndogo ya bluu, bila jina, anaileta kwenye meza ya pembeni, na pale wanakaa wastaafu watatu wa kuzichambua. Mwaka huu tulikuwa mimi, Phyllis, na Joyce Imhoff wa maktaba. Sheria ni mbili: swali liwaelekee wagombea wote, na lisimshambulie mtu. Kadi iliyouliza kwa nini Annika hana mume tuliitupa. Nyingine ilimwita mkuu wa elimu wa wilaya, Bwana Hensley, gunia la viazi. Phyllis akacheka mpaka akakohoa, akasema mwandiko ule ni wa mumewe Roger na atamkomesha nyumbani.

Ndipo msimamizi akasoma kadi hii: kila mgombea aseme kama amewahi kutia sahihi fomu ya kumhamishia mtoto wake shule za wilaya nyingine. Swali la kawaida kabisa. Annika akajibu kwamba yeye hana mtoto, ana mbwa tu, na mbwa mwenyewe alifukuzwa mafunzoni. Ukumbi mzima ukacheka. Kisha kipaza sauti kikampata Dana.

Alikishika kwa mikono miwili. Akasema ndiyo, alitia sahihi mwaka jana, na binti yake Josie anasoma Dunmore. Gordon, mji mzima ulikuwa unaamini kwamba Josie anafundishwa nyumbani. Watu hawakujua kwamba mama yake anamwendesha maili ishirini kila asubuhi. Mtu mmoja kutoka juu kwenye ngazi akapiga kelele, "Kumbe wewe mwenyewe umeikimbia! Sisi ndio tubaki nayo?" Msimamizi akauliza kwa upole kama angependa kueleza sababu. Dana akasema sababu ni ya mwanawe, si yake, na haitoi pale. Josie alikuwa safu ya pili na bibi yake, ana miaka tisa. Nilimwona akivuta kofia ya koti mpaka puani.

Baada ya hapo Dana alikuwa hana kampeni tena. Kwenye foleni ya duka la Hofstad watu walimwita Bi Dunmore, akiwa amesimama palepale na maziwa mkononi. Zile kura arobaini na moja zilizomshinda, mimi karibu naweza kukutajia majina ya waliozipiga.

Yangeishia hapo ningenyamaza, na nakiri hivyo kwa aibu. Lakini Dana aliandika malalamiko. Hakulalamikia uchaguzi hata kidogo. Aliuliza kitu kimoja tu: nani amefungua faili la mtoto wake? Fomu zile ni za siri, na nakala zake hukaa kwenye kabati la ofisi ya Lindgren. Wilaya ikaleta mwanasheria kutoka jijini. Akauliza nani wana funguo za kabati. Ni wawili: Hensley, na Mai See Lor, yule msichana niliyemwachia meza yangu ya ukarani pale Lindgren nilipostaafu Juni iliyopita. Unamkumbuka. Wazazi wake wanauza mboga sokoni Jumamosi, na kwenye kuniaga alileta sambusa zao ndefu nyembamba, ukala tisa ukasema umekula tano.

Mwanasheria akagundua kwamba Mai See alifungua kabati lile mwezi Februari. Alikuwa akitafuta kadi za chanjo, lakini hakuna aliyemwona akizitafuta. Akagundua pia kwamba binamu yake aliweka kibao cha Annika. Hayo yakatosha. Wamemsimamisha kazi, wiki ya pili sasa, na Jumatatu bodi itapiga kura ya kumfukuza. Ajenda imebandikwa mlangoni: kwanza wananchi wanaotaka kuzungumza, kisha kiapo cha wajumbe wapya, kisha suala la Mai See. Kura ya kwanza kabisa ambayo Annika ataipiga maishani mwake kama mjumbe ni hiyo. Nilimuuliza atapigaje. Akasema, "Shangazi, mtu aliyemuuza mtoto mdogo hafai kukaa kwenye meza ile hata siku moja." Alisema hivyo akila pai yangu, na akaniomba kipande cha pili.

Jumanne nilikwenda kumwona Mai See. Wanawe wawili walikuwa sebuleni, wakanyamaza nilipoingia, kwa hiyo najua nyumba ile inazungumza nini. Hakulia. Kama angelia ingekuwa nafuu. Alinipa chai akaniuliza, "Bi Ardis, wewe ndiye uliyenifundisha. Niambie nimekosea wapi. Ufunguo sijauacha hata siku moja, nalala nao kwenye mkoba." Akasema wilaya ikimfukuza kwa jambo hili hakuna shule, zahanati wala kanisa litakalomwajiri katika mji huu, na ni kweli. Nikamwambia awe na subira. Nikanywa chai yake yote, Gordon, nikamshukuru, nikarudi nyumbani.

Kadi ile niliiandika mimi.

Niliiandika palepale mezani, Joyce alipokwenda kuchukua kahawa na Phyllis alipokuwa bado anamcheka Roger. Niliiandika kwa mkono wa kushoto, nikaisukuma katikati ya nyingine. Phyllis alipoifikia aliniuliza kama inafaa. Nikamwambia imeelekezwa kwa wote na haimshambulii mtu, sheria inaruhusu. Hakuna kabati lililofunguliwa. Sikulihitaji. Dana alitia sahihi fomu ile mbele yangu, kwa kalamu yangu, miezi miwili kabla sijastaafu, na akanieleza kilichompata Josie pale shuleni. Sitakiandika hata kwako, nimeshatoa vya kutosha. Alinishika mkono akaniomba yasitoke. Nikamwambia kwamba meza ile haijawahi kutoa siri kwa miaka thelathini na moja, na nilijivuna nilipokuwa nasema.

Lililo baya zaidi ni hili. Nilijua kwamba angekiri na kwamba asingetoa sababu. Mtu mwongo angejibu hapana, na mama asiyejali angemwaga yote akaonewa huruma. Nilimtegemea Dana awe mwema kama nilivyomjua, na hakuniangusha.

Siku za kwanza nilijiambia kwamba ni swali la haki. Kisha Annika akashinda, akaruka jikoni kwangu na soksi zake, na sikuwa na moyo wa kumwondolea furaha ile. Kisha nikaogopa tu, sina maelezo mengine. Mimi niliyekuwa nawarudisha watoto nyumbani kwa kuiba kifutio!

Leo asubuhi nimekwenda ofisi ya wilaya kujiandikisha kuzungumza Jumatatu. Wanampa kila mtu dakika tatu. Binti wa mapokezi alitabasamu akasema Annika ana bahati kuwa na shangazi wa namna hii. Kadi ya kujiandikisha ni ileile ya bluu. Safari hii nimeandika kwa mkono wa kulia, jina langu lote, anwani, na mahali pa kutaja suala nimeandika Mai See Lor. Sijui watanifanya nini, na sijui kama Annika atakubali kuapa baada ya kunisikia. Dana nitamwendea mlangoni kwake kesho, akinifungulia.

Annika nitamwambia Jumapili, ukishafika. Barua hii nimeilipia iende haraka ili ikukute kabla hujapanda ndege. Usibadilishe tiketi, nakuomba. Ulikuwa unakuja kumpigia makofi, na huenda makofi yasiwepo. Njoo hivyohivyo. Tangu akiwa na miaka saba, akiumizwa hukimbilia jikoni kwangu, na safari hii hataweza kuja.

Nisalimie majirani zako, yule bwana wa kobe na mkewe. Leta sweta, usijidanganye na Aprili. Kitanda cha chumba cha nyuma nimekitandika, lakini ukiona heri kulala kwa Annika, sitakulaumu.

Ni mimi dada yako,
Ardis Tollefson