Kola Chungu za Mama Mkwe

Jumamosi, 1 Februari 2025

Leo mama mkwe ameniomba kitu. Naandika na tarehe, kwa sababu katika miaka kumi na sita ya ndoa hajawahi kuniomba hata chumvi. Jina lake silitaji, hata humu ndani ya daftari langu. Mkwe hatajwi.

Mke wangu Anysie alikuwa kazini kwake, kwenye nyumba ya wazee. Binti yetu Arielle chumbani na simu yake. Mimi jikoni naosha vyombo. Mama akaja mpaka mlangoni, akasimama hapo. Mkwe na mkwe hawabanani jikoni. Akasema kifua kinamkwaruza tangu mafua ya Januari na sauti imekauka, na korali, kwaya ya kanisani Takoma Park, wamempa wimbo wa kuongoza Pasaka. Kuna mama mmoja wa korali alimpa kipande cha mbegu, akatafuna, sauti ikafunguka.

"Ferdinand, mwana wangu, banasema iko dukani kule Riverdale. Uniletee kidogo. Lakini Anysie asijue. Atatupa."

Kweli atatupa. Novemba, Mama aliposhuka kwenye ndege kuja kwetu huku ughaibuni, mguu ulikuwa umevimba. Damu iliganda kwa kukaa safari ndefu. Daktari akampa vidonge vya kuzuia damu isigande, na siku hiyohiyo Anysie akamwaga mfuko mzima wa majani ya dawa aliyotoka nayo Uvira kwenye pipa la taka. Kuanzia leo ni dawa za daktari tu, alisema. Mama hajasahau.

Nimesema "ndiyo, Mama" kabla hajamaliza. Mwana wangu! Wazee wangu walivuka ziwa kutoka Kigoma na mahari, naye akauliza mbele ya watu kama vijana wa Uvira wameisha. Tangu hapo nilikuwa "yule Mtanzania".

Jumatano, 5 Februari

Nimetoka kazini mapema, foleni ya Beltway, barabara kuu ya kuzunguka jiji, imenishika saa nzima na ushee. Duka liko barabara ya Route 1, Riverdale Park, mwenyewe ni mama wa Kikameruni. Ana mabakuli mawili ya kola kaunta. Nilitaka kuchukua nyekundu, akanizuia: hizo ni za kufukuza usingizi, madereva ndio wanazitafuna. Kola chungu ni hizi za kahawia.

Akanipa darasa bila kuombwa. Zinaota msituni kwao, mti mrefu, tunda kama chungwa, mbegu ndani. Dawa ya kikohozi, koo, sauti, tumbo lililochafuka. Mgeni akija anakaribishwa nazo. Kisha akaiangalia pete yangu, akasema na nyumbani zinasaidia, mke atafurahi. Nikageuka kuangalia ndizi.

Nimempa Mama kwa mikono miwili, zimefungwa kwenye gazeti. Amepokea kwa mikono miwili. Nami nimeonja moja garini. Uchungu wa mwarobaini, halafu baadaye sana kautamu fulani ka kusingiziwa.

Jumapili, 9 Februari

Mama ameimba. Si kwa kukwaruza — ameimba. Kanisa ni dogo, viti vya plastiki, lakini ile sauti ilijaa mpaka kwenye ngazi za nje. Anysie alifuta machozi, akasema ona jinsi hewa ya huku ilivyoanza kumkubali. Nikasema kweli, hewa.

Mama alinitazama kutoka korali, akainamisha kichwa kidogo tu, kama kushukuru. Nilijisikia mtu.

Anatafuna tatu kwa siku, wakati mwingine nne.

Ijumaa, 14 Februari

Balaa. Anysie amekuta mfuko mwingine wa kola kwenye buti ya gari. Akapiga picha, akatafuta kwenye simu. Nimerudi nimekuta maua mezani, Arielle amepelekwa kwa rafiki yake, na mke wangu amekaa pembeni yangu ananishika mkono kwa upole wa kazini kwake, ule wa kumwambia mzee kwamba si kosa lake.

Akauliza kama kuna kitu kinanisumbua kama mwanaume. Akasema hutokea, hasa watu wa kukaa kwenye kompyuta siku nzima.

Nilikuwa na sekunde moja ya kusema ukweli. Nikauona uso wa Mama kichwani. Nikasema ndiyo, kidogo.

Amenikumbatia. Nimeona aibu mpaka masikio yameungua. Na siwezi hata kujitetea!

Jumanne, 18 Februari

Asubuhi Mama ametokwa damu puani akiwa kwenye chai. Haikukatika haraka. Anysie akasema mikononi ana mabaka meusi, ameyaona wakati anamsaidia kuvaa. Mimi siwezi kuyaona. Mikono ya mkwe sitazami. Nimeona sinki tu. Mswaki wake ulikuwa na damu.

Wamekwenda kliniki. Saa tisa nesi akapiga simu, Anysie akaiweka kwenye spika. Damu imekuwa nyepesi mno, kupita kiasi kinachotakiwa. Akauliza: amebadilisha chakula? Mboga za majani? Dawa za maumivu? Kuna kitu kingine chochote, hata cha kienyeji?

Anysie akajibu hapana, dawa zote nampa mimi kwa mkono wangu.

Mama alikuwa anaangalia kikombe chake. Mimi nilikuwa naangalia kamba ya kiatu changu. Arielle peke yake ndiye aliyekuwa anatutazama sisi wawili.

Wamepunguza vidonge kwa nusu. Kipimo kingine Alhamisi tarehe 6 Machi. Anysie akasimulia mzee wa kazini aliyekuwa anaficha vidonge kwenye soksi wakamkuta chini siku moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, akasema, akamfunika mama yake blanketi.

Alhamisi, 20 Februari

Leo ofisini sijafanya kazi. Nimesoma kola tu. Wanga mwingi, mafuta kidogo, vitamini C, potasiamu. Watu wa misituni wanaitumia kwa kifua, kwa homa, kwa sumu ya nyoka, kwa macho. Tafiti ziko nyingi ila karibu zote ni za panya. Panya wamelishwa, panya wamepimwa ini, panya wamefurahi na wake zao. Nimetafuta mwanamke wa miaka sitini na tisa anayekunywa vidonge vya damu, sijampata.

Pahali pamoja wameandika kwamba mbegu hii huenda ikachelewesha damu kuganda. Huenda. Nimelisoma hilo neno mara ishirini.

Simiyu, Mkenya wa meza ya jirani, akachungulia kioo cha kompyuta yangu, akacheka mpaka akakohoa. "Buda, hiyo ni ya wazee. Umefika huko tayari?" Nikamvuta pembeni, nikamwambia ukweli wote, mtu wa kwanza kumwambia. Akaacha kucheka. Akasema, "Ambia bibi yako Anysie leo. Si kesho. Hii kitu si ya kuchezewa."

Rahisi kwake. Mkwe wake yuko Bungoma.

Nimeamua hivi: simnunulii tena. Ukiondoa kinacholeta kosa, kosa linaondoka. Hakuna haja ya kumuaibisha mtu.

Jumatatu, 24 Februari

Aliniuliza kwa macho, nikamwambia mzigo haujafika dukani, labda mwezi ujao. Uongo wa pili, au wa tatu, sijui nahesabu kuanzia wapi.

Akasema: "Haiko mubaya, mukwe wangu."

Mukwe. Nilikuwa mwana kwa siku ishirini na tatu. Ameingia chumbani kwake akafunga mlango taratibu, na jioni nimesikia anajaribu wimbo wa Pasaka, anakwama palepale pa juu, anarudia, anakwama. Nilikaribia kuchukua ufunguo wa gari.

Jumamosi, 1 Machi

Nimelielewa leo nikiwa kwenye Beltway, mguu kwenye breki, na jasho likanitoka na baridi yote hii.

Vidonge vimepunguzwa kwa nusu kwa sababu damu ilikuwa nyepesi. Kama kola ndiyo iliyoifanya nyepesi, basi mimi nimeiondoa kola. Sasa ana nusu ya vidonge na hana kola. Kliniki hawajui. Wamepunguza upande wao, nimepunguza upande wangu, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Kazini ningemfukuza mtu kwa kosa hili.

Au kola haikufanya kitu. Sijui! Ndiyo shida yenyewe, sijui, na wanaoweza kujua ndio waliodanganywa.

Nimefika nyumbani nimejipanga kusema. Maneno yote kichwani. Anysie alikuwa ametoka zamu, miguu inamuuma, hata hivyo amenipikia uji wa karanga. Wa kuongeza nguvu, akasema kwa sauti ya chini ili Arielle asisikie. Alikuwa ananionea huruma kabisa, mke wangu masikini.

Nimekunywa uji. Sijasema.

Jumatatu, 3 Machi

Mama anatembea anaburuza mguu. Labda nawaza tu. Nimemuuliza Arielle kama ameona bibi yake akichechemea. "She's old, Dad." Kwake ni uzee tu; nikamuuliza tena kwa Kiswahili kama ameona au hajaona. Akanitazama. "Why don't you ask her?"

Simuulizi kwa sababu mtu haulizi mguu wa mama mkwe. Nimejaribu kumweleza mtoto. Hata mimi nimesikia jinsi linavyosikika.

Siku tatu zimebaki mpaka kipimo. Siku tatu si nyingi.

Jumatano, 5 Machi

Naandika hospitali, kwenye kiti cha pembeni.

Leo nilikuwa nafanyia kazi nyumbani. Saa nne Mama hakuwa ametoka kunywa chai. Nikagonga. Nikasema hodi mara tatu, nikiwa nimesimama nje ya mlango kama fundi. Akajibu kwa mbali: mguu. Nikasema Mama, nampigia Anysie. Nikampigia, hakupokea. Nikapiga tena. Mara ya nne nikafungua mlango.

Miaka kumi na sita sijawahi kuuona hata mguu wake. Ulikuwa umevimba mpaka gotini, unang'aa, mwekundu. Alikuwa anavuta kitenge kuufunika huku machozi yanamtoka, na si kwa maumivu peke yake. Nikageuza uso, nikambeba. Ni mwepesi. Alijificha uso begani kwangu mpaka garini.

Anysie amepata ujumbe. Yuko njiani kutoka kazini kwake Takoma Park.

Hapa walitaka kutuletea mkalimani kwenye skrini. Mama akakataa, akanishika mkono wa shati: mukwe yangu iko hapa, yeye atasema. Basi nesi akanipa fomu niijaze mimi, akiuliza mimi nikitafsiri. Umri. Safari ya ndege. Vidonge, nusu, tangu tarehe 18. Kisha: kuna dawa nyingine, mitishamba, mbegu, chai, chochote?

Nikatafsiri kama ilivyo. Mama akaangalia mlango, akanivuta karibu.

"Ile mbegu niko nayo. Banakuwa bananiletea kanisani. Leo asubuhi nimekula tatu, juu ya maumivu." Akapumua. "Usiandike. Anysie anakuja."

Kwa hiyo hajaacha hata siku moja. Hesabu zangu zote za juzi, bure. Sasa sijui damu yake ni nzito au nyepesi, na daktari hajui, na wao hapa wanadhani wanajua.

Nesi alikuwa ananingoja, kalamu iko mkononi mwangu. Mama ananitazama. Nimeandika "hakuna".

Kweli nimeliandika. Sijui ni nani aliyekuwa ameshika ile kalamu.

Nesi amesema wataanza dawa ya mshipani, kali kuliko vidonge, ya kuzuia bonge la damu lisipande kwenye mapafu. Hatari yake ni kutokwa damu, ndiyo maana wanauliza sana maswali, akaongeza, akatabasamu. Dripu imeshatundikwa. Bado haijafunguliwa. Anasubiri daktari asaini.

Nimesimama mara mbili kumfuata nesi. Mara zote mbili Mama amefumbua macho.

Anysie amefika. Bado ana sare ya kazini na beji. Amembusu mama yake, ameshika mguu, ameangalia dripu, ameuliza jina la dawa. Hajaniangalia bado. Amemuomba nesi ile fomu, anaisoma mstari kwa mstari na kidole, kama anavyosoma mafaili ya wazee wake kabla ya kumpa mtu hata kidonge kimoja. Umri. Safari. Vidonge.

Kidole kimesimama kwenye mstari wa mitishamba na mbegu, juu ya "hakuna". Anaujua mwandiko wangu.