Amuri Anataka Daktari

Jumatatu, 6 Julai 1970
Nimerudi kutoka bomani. Ofisa wa Wizara ana nafasi za masomo Urusi — udaktari, ualimu, na moja ya uhandisi wa nyuklia. Hiyo hakuna aliyeiomba. Mimi nimeiomba! Akauliza nitafanya kazi wapi, nchi haina mtambo wa atomu. Nikasema sijui. Nataka tu kuelewa joto lote lile linatokaje ndani ya kitu kidogo vile. Akatabasamu, akaandika jina langu: Mwanaima.
Nimetembea mpaka Ujiji peke yangu. Furaha tele, na sina wa kumwambia.

Jumanne, 7 Julai
Kaka Amuri ameshatangaza kwa wauza dagaa wenzake kwamba naenda kusomea udaktari. Sikumkanusha. Yeye ndiye alikuwa mtumbwini mama alipofariki kwa uchungu wa kuzaa, wakimleta hospitali kutoka kijijini Kagunga. Toka siku ile kanilea yeye. Toka siku ile, daktari, daktari.

Alhamisi, 9 Julai
Nimemwambia. Alikuwa anakula. Akanawa mikono, chakula hakijafika nusu. Akauliza kama ni kazi ya mabomu. Nikaeleza — maji ya moto, mvuke, umeme. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha:
"Mwanamke akizidiwa Kagunga, umeme wako utamsaidia nini?"
Jibu nililo nalo ni dogo, naliandika humu tu: nikiona damu natetemeka, nikishika fizikia nasahau kula.

Jumamosi, 11 Julai
Kaka haongei nami. Wifi Mwanvua anasema nivumilie. Naye ananikwepa macho.

Jumatano, 22 Julai
Skolastika, niliyesoma naye, kaja kutoka Mwandiga na mtoto mgongoni. Nikamweleza atomu. Akasikiliza kwa adabu. Akauliza huko kuna baridi kiasi gani.

Jumapili, 2 Agosti
Kesho treni. Uani watu wamejaa, wamekuja kuniombea dua. Shehe Hamdani kamwomba Mungu amrudishe salama daktari wetu. Wote wakaitikia, amina. Kaka naye, amina — macho chini. Bibi mmoja kanishika mkono, eti nikirudi nimtazame mguu. Nikakimbilia chumbani, nikasema natafuta kanga. Nimekaa naandika.
Kaka kaja mlangoni. Haingii. Hajasema nami tangu siku ile ya chakula. Sasa anasema, taratibu:
"Wanataka uwaage. Utawaambia mwenyewe, au niendelee kusema daktari?"
Nimejitanda kanga. Naona miguu yake chini ya pazia. Haondoki. Naweka kalamu, nakwenda kuwaambia mwenyewe.