Upande wa Pili wa Kanda

Mdogo wangu Mwanahawa,

U mzima? Na mama? Mimi mvua imenikalisha Nyamisati, boti ya Mafia haiondoki. Nimejibanza kwa mama muuza chai, vitumbua vya moto mkononi, mara nikasikia mzee mmoja anapiga gitaa. Ni kile kipande cha muziki wa roki alichokipenda marehemu baba! Cha wale vijana wa Kimarekani ambao alikuwa akituambia walianzia kwenye banda la gari.

Nikamuuliza alikojifunzia. Akanikazia macho, akacheka. "Wewe mtoto wa Selemani. Tulikuwa na bendi Kibiti, magitaa yetu nyuzi za breki za baiskeli. Kipande hicho tukakitia ngoma yetu. Mpaka leo huko vijijini Maparoni harusi hainogi bila hicho, na wanaokicheza hawajui kimetoka wapi."

Kisha akasema, "Tulirekodi mara moja tu. Upande wa kwanza wa kanda Wamarekani, wa pili sisi, baba yako anaimba. Kanda yenyewe alibaki nayo yeye. Nitolee nakala, mwanangu."

Mwanahawa, kanda ile ya baba, utotoni niliiziba matundu ya juu kwa karatasi ili ikubali kurekodiwa tena, nikarekodia mpira wa redioni pande zote mbili, bila hata kuisikiliza. Baba nikamwambia redio imeitafuna. Akasema tu, "Basi, mwanangu."

Na mzee nimemwambia nitaitafuta.

Nishikie mkono wa mama. Wewe ulikuwa ukilala mapajani kwa baba akiipiga kanda ile. Kama upande wa pili uliwahi kuusikia, hata mstari mmoja, nikirudi niimbie.

Kaka yako,
Shabani