Deng Hakukubali, Daktari

Daktari Akai,

Ejok. Sisi hapa Kakuma hatuko ejok tangu tukuzike Lodwar, lakini salamu ni salamu.

Chumba chako cha upasuaji kimefungwa. Meza wameihamisha, ndani sasa ni magunia ya unga. Juzi walimletea daktari mpya mama aliyeshindwa kujifungua. Akaandika apelekwe Lodwar. Alifia njiani, na mtoto wake tumboni. Mumewe akaniuliza kwa Kiarabu cha Juba, "Yule mama mpasuaji yuko wapi?" Nikamwambia umekufa. Akakaa chini pale pale mchangani.

Kwenye mazishi walisema wewe ndiwe binti wa kwanza wa huku kwetu kushika kisu cha upasuaji, na kwamba vita vya ng'ambo ya mpaka vilipochacha ulipasua majeruhi siku tatu bila kulala. Ni kweli. Nilikuwepo, nimesimama kichwani pa kitanda, nikitafsiri. Hawakusema kwamba ulijua neno moja tu la Kiarabu, maalesh, na ulimwomba kila mgonjwa samahani hiyo kabla ya sindano. Ulilitamka vibaya. Walicheka, hata wenye risasi mwilini.

Daktari, kuna jambo sikukuambia.

Unamkumbuka Deng, kijana wa risasi ya goti? Mguu ulikuwa umeoza, harufu yake ilifika hadi getini. Uliniambia, "Nakiru, muulize. Asipokubali, sikati."

Nilimuuliza. Akasema, "Mwambie aniache nife na miguu yangu miwili."

Alikuwa rika la mdogo wangu. Nikakugeukia nikasema, "Amekubali."

Ukakata. Akapona.

Hakuja kukuzika. Nilimfuata kibandani kwake, anakotengeneza simu, nikamuuliza kwa nini. Hakuinua macho. "Yule mama ulimwambia nimekataa, akakata tu. Kwake mimi nilikuwa nyama." Na mimi, Daktari, niliaga nikaondoka.

Miaka yote hii amekuchukia wewe kwa neno langu. Ningekuambia ukiwa hai, sijui kama ungenifukuza. Pengine ungevua glavu tu, ukaondoka zako. Ningevumilia lolote kuliko hivi, kwamba hakuna tena wa kuniambia kama nilitenda vema au vibaya. Kazi pia sina. Wanataka wakalimani wenye cheti, na mimi lugha nilizipata sokoni.

Pumzika, Daktari wangu. Jumapili tukitoka kanisani nitaenda kwa Deng, nimwambie hukusikia alivyokataa, kwa kuwa mimi nililimeza jibu lake. Sitarajii anisamehe. Mguu haurudi, wala wewe hurudi. Lakini akitaka kuchukia, amchukie aliye hai, anayepita mbele ya kibanda chake kila siku.

Hilo nakuahidi.

Nakiru, mkalimani wako